Kufundisha Tusichokijua: Somo la Mihuri ya Mawe ya Bonde la Mto Indus

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulikaa siku moja nyuma ya Darasa la Sita, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha habari za miji ya kale. Alikuwa amejiandaa vizuri. Ubaoni alikuwa amebandika picha kubwa aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe: muhuri wa jiwe wenye mnyama wa pembe moja, na juu ya mgongo wa mnyama huyo mstari wa alama ngeni. Watoto waliipenda picha ile. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, hapo juu pameandikwa nini?" Mwalimu alisita kidogo, akatazama andalio lake, kisha akajibu, "Pameandikwa jina la mfalme." Watoto wote wakainama wakaandika.

Jibu lile halikuwa la kweli. Maandishi ya mihuri ile hayajapata kusomwa na mtaalamu yeyote kwa namna iliyokubaliwa na wenzake, na wala hakuna mfalme hata mmoja wa miji ile anayejulikana kwa jina. Tulipozungumza na mwalimu yule baada ya kipindi, hakukana. Alisema kwamba aliogopa: mwalimu akikiri mbele ya darasa kuwa hajui, watoto watamdharau. Juma lililofuata alitoa jaribio, na karibu darasa zima liliandika "jina la mfalme" pasipo shaka yoyote. Kosa la nusu dakika lilikuwa limekwisha kuwa elimu.

Hatukumlaumu sana, maana wengi wetu tumepata kujibu hivyo. Lakini tukio lile lilitufanya tuitazame upya mihuri yenyewe. Tuliona kuwa, kwa sababu hiyo hiyo ya kutosomeka, inafaa mno kumfundishia mtoto jambo ambalo vitabu vingi vya darasani humficha: namna watu wanavyopata kujua mambo ya kale, na mahali ambapo ujuzi wao hukoma. Katika makala haya tutaeleza kwanza maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu, kisha njia tunayoipendekeza, na mwisho andalio la somo.

MAARIFA YA MWALIMU

Mihuri tunayoizungumzia ilitengenezwa na watu wa miji ya bonde la mto Indus, katika nchi ambazo leo ni Pakistan na sehemu za magharibi na kaskazini ya India, kati ya miaka ya 2600 na 1900 hivi kabla ya Kristo. Miji mikubwa iliyochimbuliwa ni pamoja na Mohenjo-daro, Harappa na Dholavira. Lothal ulikuwa mji mdogo zaidi karibu na pwani ya Gujarat. Wakazi wa miji hiyo walijenga nyumba za matofali, wakachimba visima na mifereji ya maji machafu, na mawe yao ya mizani yalilingana uzito kutoka mji hadi mji.

Muhuri wa kawaida ni kijiwe cha mraba chenye upana wa sentimita 2 hadi 4, kinachoweza kushikwa kwa vidole viwili. Upande wa mbele umechongwa mnyama, na juu yake alama chache za maandishi. Upande wa nyuma una kinundu kilichotobolewa tundu la kupitishia uzi. Jiwe lenyewe huitwa steatiti, nalo ni laini hata hukwaruzika kwa ukucha. Wasomaji wetu wa Kenya watakumbuka mawe laini yanayochongwa Tabaka, katika nchi ya Wakisii. Hatusemi kwamba ni jiwe lile lile, bali ulaini wake utawasaidia kufahamu kazi ya fundi wa Indus. Fundi huyo alilikata jiwe, akalichonga likiwa laini, kisha akalichoma motoni likawa gumu na jeupe.

Wanyama waliochongwa ni wengi: fahali mwenye nundu na shambwelele lililoning'inia, tembo, kifaru, chui milia, nyati wa majini na mamba. Lakini anayeonekana kuliko wote, katika zaidi ya nusu ya mihuri yenye wanyama, ni yule wa pembe moja, mwenye mwili wa fahali. Mbele yake husimama chombo kilichowekwa juu ya mguu mmoja. Wataalamu wengine wamekiita hori la kulia, wengine chetezo cha ubani, na wengine kichujio.

Maandishi ni mafupi sana. Kwa wastani ni alama 5 tu, na alama zote zilizokwisha kuorodheshwa zakaribia 400, kufuatana na jinsi kila mtaalamu anavyozihesabu. Kwa kawaida muhuri ukipigwa, maandishi yaliyochapwa huanzia kulia kwenda kushoto. Ugumu wa kuyasoma una sababu mbili kubwa. Kwanza, mafungu yenyewe ni mafupi mno. Pili, hakuna bamba lolote lililopatikana lenye maneno yale yale kwa lugha mbili, kama lile jiwe la Rosetta lililowawezesha wataalamu kuyasoma maandishi ya Misri ya kale.

Historia ya ugunduzi wake nayo ni somo. Mwaka 1875 Alexander Cunningham, mkuu wa uchunguzi wa mambo ya kale katika India ya wakati wa ukoloni, alichapisha picha ya muhuri uliopatikana Harappa. Kwa kuwa herufi zake hazikufanana na herufi zozote za India alizozijua, aliamua kuwa muhuri ule ulitoka nchi ya kigeni. Wakati huo matofali ya Harappa yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kwa wingi kujengea njia ya reli ya Lahore na Multan. Iliwapasa watu kungoja mpaka Daya Ram Sahni alipochimba Harappa kuanzia mwaka 1921, na R. D. Banerji alipochimba Mohenjo-daro kuanzia mwaka 1922. Mihuri ya namna moja ikaonekana katika miji hii miwili iliyoachana kwa mamia ya kilomita. Mwaka 1924 John Marshall aliutangazia ulimwengu habari hizo, na mara wataalamu wa Mesopotamia wakatambua kuwa mihuri kama hiyo ilikuwa imechimbuliwa kwao pia, pamoja na vitu ambavyo umri wake ulijulikana. Hivyo vijiwe vidogo vikaonyesha umri wa miji mizima.

Mihuri hiyo ilifanya kazi gani? Hapa ushahidi bora watoka Lothal. Katika mabaki ya ghala moja lililoungua yalipatikana makumi ya vipande vya udongo vyenye chapa za mihuri. Moto ulivichoma vikahifadhika. Wachimbaji walipovigeuza, waliona nyuma yake alama za kamba, matete na nguo. Maana yake ni kwamba udongo mbichi ulibandikwa juu ya fundo la mzigo, kisha muhuri ukapigwa juu yake. Mtu yeyote asingeweza kuufungua mzigo pasipo kuuvunja udongo. Kazi hiyo yafanana na ile ya lakiri iliyopigwa juu ya bahasha au mfuko wa barua.

Bidhaa hizo zilikwenda mbali. Mihuri ya Indus imepatikana Ur na miji mingine ya Mesopotamia, na huko Bahrain mafundi walichonga mihuri yao wenyewe, ya mviringo, na wanyama wa namna yao. Mfalme Sargon wa Akkad alijisifu katika maandishi yake kwamba merikebu za Meluhha, Magan na Dilmun zilitia nanga katika gati ya mji wake. Wataalamu wengi wanakubali kuwa Meluhha ni nchi ya Indus, Magan ni Oman na pwani za jirani, na Dilmun ni Bahrain.

Hapa mwalimu ajihadhari. Watoto wa pwani yetu wanajua habari za majahazi ya Oman na nguo za Gujarat, na huenda wakataka kuunganisha. Biashara iliyoleta nguo na shanga za Gujarat hadi Kilwa na Mombasa ni ya zaidi ya miaka elfu mbili baada ya miji ya Indus kuachwa. Bahari ni ile ile, lakini nyakati ni mbalimbali, na mwalimu asizichanganye.

NJIA TUNAYOIPENDEKEZA

Tunapendekeza ubao ugawanywe safu tatu. Ya kwanza iandikwe TUNAONA, ya pili TUNAFIKIRI KWA SABABU, na ya tatu BADO HAIJULIKANI. Kila neno litakalosemwa darasani kuhusu muhuri, liwe la mwalimu au la mtoto, litafutiwe safu yake. Kazi kubwa ya mwalimu ni kuuliza tu, "Neno hili tuliweke wapi?" Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kifaru. Watoto wetu wakimtazama kifaru wa muhuri wataona jambo upesi: ana pembe moja. Kifaru wa Afrika ana mbili. Je, fundi alikosea? Mwalimu asijibu haraka. Awaonyeshe picha ya kifaru wa India aliye hai, mwenye pembe moja na ngozi yenye mikunjo mikubwa kama ngao, kisha warudi kwenye muhuri na kuitafuta mikunjo hiyo. Wataiona. Katika safu ya kwanza wataandika, "Kifaru ana pembe moja na ngozi ya mikunjo." Katika safu ya pili wataandika, "Fundi alimjua kifaru wa nchi yake." Tena mtoto aweza kuendelea: kifaru huyo hupenda nyasi ndefu na maji, basi huenda nchi iliyozunguka miji hiyo ilikuwa na malisho ya namna hiyo. Fikira hiyo ina msingi, na mahali pake ni safu ya pili.

Mfano wa pili ni yule mnyama wa pembe moja mwenye mwili wa fahali. Wataalamu wengine wamesema kwamba ni fahali wa kawaida aliyechorwa kwa ubavu, hata pembe moja ikaificha nyingine. Maelezo hayo yapendeza, lakini mwalimu awaulize watoto watafute hoja ya kuyapinga. Wakilinganisha mihuri watagundua kuwa fahali mwenye nundu, ingawa naye amechorwa kwa ubavu, anaonyeshwa na pembe zote mbili. Na nyati vilevile. Kwa hiyo fundi alijua kuchora pembe mbili alipotaka. Ndipo mwalimu aongeze ushahidi ambao watoto hawawezi kuuona kwenye picha: vimepatikana pia vinyago vya udongo vya mnyama huyo, na vinyago hivyo vina pembe moja tu, ingawa kinyago hutazamwa pande zote. Mizani inaelekea upande mmoja: huenda alikuwa mnyama wa kubuniwa. Lakini alikuwa alama ya ukoo, ya kazi, ya mji au ya ibada? Hilo ni la safu ya tatu.

Mfano wa tatu ni muhuri mmoja mashuhuri wa Mohenjo-daro. Katikati ameketi mtu mwenye pembe kubwa kichwani, na kumzunguka wako tembo, chui milia, kifaru na nyati. Mwaka 1931 Marshall alitoa rai kwamba huyo ni Shiva, mungu wa Wahindu, katika sura yake ya mwanzo. Wengine baadaye wameikataa rai hiyo. Mtoto ajifunze kwamba rai ya mtu mkubwa nayo haipandishwi safu ya kwanza kwa sababu ya ukubwa wake. Tena mwalimu ajihadhari na heshima: huenda darasani wamo watoto wa Kihindu, na jambo hili lisisemwe kwa mzaha.

ANDALIO LA SOMO

Darasa: la Tano au la Sita.

Muda: vipindi viwili vinavyofuatana.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kueleza kazi ya muhuri, (ii) kutengeneza muhuri na kuupiga, (iii) kutenganisha jambo linaloonekana, linalofikiriwa na lisilojulikana.

Vifaa: vipande vya sabuni ya mche au vya muhogo mbichi, misumari au miiba, udongo wa ufinyanzi uliokandwa vizuri, vijifuko na kamba za katani, picha kubwa za mihuri mitatu au minne, karatasi yenye muhuri wa ofisi ya shule.

Hatua ya kwanza: Kuanzia kwenye jambo linalojulikana. Mwalimu aonyeshe barua iliyopigwa muhuri wa shule. Aulize: Kwa nini barua hii imepigwa muhuri? Muhuri ukipotea kuna hatari gani? Nani anaruhusiwa kuutumia? Watoto watataja mamlaka, uaminifu na udanganyifu. Mambo hayo ndiyo roho ya somo, na yametoka vinywani mwao.

Hatua ya pili: Kuchonga. Kila mwanafunzi achonge mnyama na herufi ya kwanza ya jina lake katika kipande cha sabuni. Mwalimu asiwaonye kuhusu kugeuka kwa herufi. Watakapopiga mihuri yao juu ya udongo, mwenye herufi R au S ataiona imegeuka, na darasa litacheka. Kicheko hicho kina thamani kuliko maelezo ya dakika kumi. Sasa waulize: Fundi wa Indus alichongaje ili chapa itoke sawa? Watafahamu wenyewe kuwa alilazimika kuwaza kinyume, na kwamba mnyama anayetazama kulia katika chapa anatazama kushoto katika jiwe.

Hatua ya tatu: Kufunga mzigo. Makundi yafunge vijifuko kwa kamba, yabandike udongo juu ya fundo, yapige muhuri, kisha yabadilishane. Kundi moja lijaribu kufungua bila kuharibu chapa. Halitaweza. Udongo ukikauka kidogo, vipande vibanduliwe na kugeuzwa. Alama za kamba zitaonekana nyuma. Hapo ndipo mwalimu awasimulie habari za ghala la Lothal, si kabla. Mtoto aliyekwisha kuuona mgongo wa udongo wake ataelewa mara moja wachimbaji waliona nini.

Hatua ya nne: Safu tatu. Mwalimu abandike picha za mihuri, na darasa lijaze ubao kama tulivyoeleza. Swali la maandishi lazima litazuka. Mwalimu ajibu wazi: "Hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka leo." Kisha aeleze sababu zile mbili, maana kutojua kunakoelezwa sababu zake ni maarifa, na hakumshushii mwalimu heshima.

Upimaji: Wanafunzi wapewe picha ya muhuri ambao hawajauona, waandike sentensi mbili kwa kila safu. Mwalimu asahihishe mahali sentensi ilipowekwa kabla ya kusahihisha jambo lenyewe.

MAKOSA YA KUEPUKA

Tumeona somo hili likifundishwa mara kadhaa, na makosa yaliyotokea ni haya.

La kwanza ni kuigeuza safu ya tatu kuwa jalala. Mwalimu mvivu huitupia humo kila swali gumu. "Haijulikani" maana yake si "sikusoma". Kama jambo linajulikana na mwalimu halijui, aseme, "Nitatafuta, nitawaambia kesho," na kesho yake atimize.

La pili ni kuikataa safu ya pili kwa woga. Mwalimu aliyeogopa kukosea aweza kulifanya darasa lisikisie kitu chochote. Historia haiwezi kwenda bila kukisia; sharti ni kwamba kila kisio lionyeshe sababu yake, na liwe tayari kuondolewa likipatikana jambo la kulipinga.

La tatu ni kuiacha kazi ya mikono kwa ajili ya uhaba wa vifaa. Sabuni ikikosekana kuna muhogo. Muhogo ukikosekana kuna kiazi. Udongo haukosekani.

MWISHO

Mwalimu yule tuliyemtaja mwanzoni alirudi kwenye darasa lake. Tulimshauri asingoje muhula mwingine. Alisimama mbele ya watoto wale wale, akafuta neno "mfalme" ubaoni, akasema kwamba aliwaambia jambo asilolijua, na kwamba maandishi yale hayajasomwa na mtu. Darasa lilinyamaza. Kisha yule msichana aliyeuliza swali la kwanza akanyosha mkono tena, akauliza, "Basi watajuaje siku moja kwamba wameyasoma sawasawa?"

Hatukuona dalili ya dharau. Tuliona mtoto akiuliza swali ambalo wataalamu wenyewe wanajiuliza, na mwalimu aliyekuwa sasa huru kulifikiri pamoja naye.

MASWALI YA KUJADILIANA CHUONI

1. Cunningham aliona herufi za kigeni akaamua kuwa muhuri ni wa kigeni. Sentensi yake ilifaa kuwekwa safu gani? Alihitaji ushahidi gani zaidi?

2. Chagueni kitu kimoja cha kale kilichoko karibu na chuo chenu, kama vile kigae, kaburi au mlango wa nakshi. Andikeni sentensi tatu kwa kila safu.

3. Mwanafunzi amemwambia mwalimu, "Baba yangu anasema alama zile ni za uganga." Mwalimu amjibu nini pasipo kumvunjia heshima baba, wala kuivunja njia ya somo?

4. Tazameni maandalio yenu ya juma lililopita. Ni majibu mangapi mliyoyatoa kwa uhakika uliozidi ujuzi wenu?